Mambo ya Dunia: Meli ya Furaha na Daftari Lake

Katika meli zote zilizopata kuzama, ile inayotajwa zaidi na watu ni Titanic, iliyogonga mlima wa barafu mwaka 1912, ikaangamiza watu wapatao 1,500. Lakini meli iliyozama na watu wengi kuliko zote siyo hiyo. Ni meli ya Wajerumani, watu ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, na jina lake ni Wilhelm Gustloff. Haikujengwa kwa ajili ya vita wala kwa kuchukua mizigo, bali kwa ajili ya kuwatembeza baharini watu wa kazi wakati wa likizo yao. Ilizama tarehe 30 Januari 1945 katika Bahari ya Baltiki, na waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 9,000.

Nimeandika neno “wakadiriwa” kwa makusudi. Sisi tufanyao kazi za ofisini twajua tofauti iliyopo baina ya hesabu na makadirio. Hesabu hutoka katika daftari. Makadirio hutafutwa pale daftari lilipokosekana. Nayo habari ya meli hii, tukiifuata tangu mwanzo wake, ni habari ya meli iliyoanza kazi kila abiria akiwa na kitanda chake na namba yake, ikaimaliza na watu ambao hapana mtu aliyejua idadi yao. Tuangalie jinsi jambo hilo lilivyotokea.

FEDHA ZILIKOTOKA

Hitler alitwaa utawala wa Ujerumani mwezi wa Januari 1933. Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1933, siku moja tu baada ya sikukuu ya wafanyakazi, watu wake walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi katika nchi nzima. Viongozi wengi walikamatwa, na fedha na mali ambazo wanachama walikuwa wamezichanga kwa miaka mingi zikanyang’anywa. Mahali pa vyama hivyo pakawekwa chama kimoja tu kilichokuwa chini ya serikali, kiitwacho Deutsche Arbeitsfront, na mkuu wake alikuwa Robert Ley. Tangu hapo mfanyakazi wa Ujerumani hakuwa na ruhusa ya kugoma wala chombo chake mwenyewe cha kudai mshahara.

Mtu aliyenyang’anywa sauti yake yafaa atulizwe kwa kitu. Kwa hiyo mwezi wa Novemba mwaka huo huo chama hicho kilianzisha idara ya likizo na starehe, ikaitwa Kraft durch Freude, maana yake “Nguvu kwa Njia ya Furaha”. Idara hiyo iliwapeleka watu kwenye michezo ya kuigiza, kwenye matamasha ya muziki, na mapumzikoni milimani. Mwaka 1934 ikaanza safari za baharini kwa kutumia meli za zamani. Safari hizo zilipendwa mno, kwa kuwa hapo zamani kutembea baharini kwa ajili ya kuburudika kulikuwa ni jambo la matajiri. Ndipo ikaamriwa zijengwe meli mbili mpya zitakazofanya kazi hiyo tu.

JINSI ILIVYOJENGWA

Meli ya kwanza ilijengwa katika kiwanda cha Blohm & Voss mjini Hamburg. Kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kimejenga, mwaka 1928, meli iliyoitwa Ubena kwa safari za Afrika, ikapewa jina la nchi ya Wabena huko Tanganyika. Tutaikuta Ubena tena mbele.

Meli mpya ilishushwa majini tarehe 5 Mei 1937 mbele ya Hitler na umati mkubwa wa watu. Hapo kwanza ilikusudiwa ipewe jina la Hitler mwenyewe. Lakini mwezi wa Februari 1936, katika mji wa Davos nchini Uswisi, mkuu wa chama cha Hitler katika nchi hiyo, aitwaye Wilhelm Gustloff, alipigwa risasi akafa. Aliyempiga alikuwa mwanafunzi Myahudi, David Frankfurter, aliyechukizwa na mateso waliyokuwa wakipata watu wake. Hitler akaagiza meli ichukue jina la marehemu, na mjane wake ndiye aliyeibatiza. Gustloff alizaliwa tarehe 30 Januari 1895. Msomaji na aikumbuke tarehe hiyo.

Urefu wa meli ulikuwa futi 684, ambao wapita kidogo viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa, na upana wake ulikuwa futi 77. Tani zake zilikuwa 25,484. Yafaa nieleze kwamba tani za namna hii si za uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya meli, na tani moja ni futi 100 za ujazo. Meli iliendeshwa kwa injini za dizeli zilizozungusha rafadha mbili, nayo mwendo wake ulikuwa maili za baharini 15 na nusu kwa saa, yaani kama maili 18 za nchi kavu. Kwa meli kubwa ya siku zile huo haukuwa mwendo wa haraka. Queen Mary ya Waingereza, iliyoanza safari zake mwaka 1936, iliweza kwenda karibu mara mbili ya mwendo huo. Lakini Queen Mary ilikuwa na kazi ya kufikisha watu New York upesi, na mtu aliye katika likizo hana haja ya kufika upesi.

Jambo lililoifanya meli hii iwe tofauti na nyingine ni mpango wa vyumba vyake. Katika meli za abiria za zamani hizo palikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na milango baina yake ilifungwa. Wa juu walikuwa na dirisha na upepo, na wa chini walilala karibu na kelele za mitambo. Katika Wilhelm Gustloff hapakuwa na madaraja. Vyumba vyote vya abiria vilikuwa ubavuni mwa meli, vikiangalia bahari, tena vilifanana kwa ukubwa na vyombo. Hata mabaharia wa meli walipewa malazi yaliyokaribia kuwa sawa na ya abiria. Palikuwa na kumbi za kulia, ukumbi wa michezo ya kuigiza na muziki, bustani ya mimea ndani ya kioo, sitaha ndefu ya kutembelea iliyozungushiwa vioo, na chini kabisa, karibu na tumbo la meli, bwawa la kuogelea lililopambwa kwa vigae.

Nafasi ilikuwa ya abiria 1,463 na mabaharia 417, jumla watu 1,880. Hiyo ndiyo hesabu ya meli hii, na ilikuwa imepangwa kwa uangalifu. Kwa kila mtu kulikuwa na kitanda, kiti mezani, na nafasi katika mashua za kuokolea.

USAWA WENYE MIPAKA

Haki na isemwe. Mpango wa vyumba vilivyo sawa ulikuwa mpango mzuri, na wengi waliosafiri katika meli hiyo waliusifu mpaka uzeeni. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini kiwandani, ambaye hajapata kuiona bahari, alipoletewa chai kwenye sitaha, milima ya Norwei ikipita mbele ya macho yake, hakuwa na sababu ya kukunja uso.

Hata hivyo yatupasa kutazama yaliyokuwa nyuma ya pazia. Myahudi hakuruhusiwa kupanda, ingawa alikuwa raia na mfanyakazi kama wengine. Bei za safari zilipunguzwa, lakini kwa mfanyakazi wa chini zilikuwa bado nzito, kwa hiyo wengi waliopata nafasi walikuwa makarani, watumishi wa serikali na watu wa chama. Wapelelezi walipandishwa kwa siri miongoni mwa abiria, wakasikiliza mazungumzo ya mezani na kuandika ni nani asemaye nini. Katika safari za Norwei abiria aghalabu hawakushushwa pwani. Waliiona nchi ya watu kutoka sitahani, kisha wakarudishwa nyumbani na fedha zao bila kuzitumia ugenini.

Naam, meli ilikuwa zawadi, lakini mwenye kuitoa hakuulizwa na mtu, na mwenye kuipokea hakuwa na la kusema juu yake. Chama kilichoijenga ndicho kilichokuwa kimenyang’anya mali ya vyama vya wafanyakazi. Zawadi ya namna hiyo hutwaliwa tena siku yoyote aliyeitoa anapotaka.

MIEZI KUMI NA SABA

Safari za meli zilianza mwezi wa Machi 1938. Tarehe 4 Aprili mwaka huo ilipokuwa katika Bahari ya Kaskazini ilipokea habari kwamba meli ndogo ya Kiingereza ya kuchukua makaa, iitwayo Pegaway, ilikuwa ikizama kwa dhoruba. Wilhelm Gustloff iliiendea, ikashusha mashua zake katika mawimbi makubwa, na mabaharia wote 19 wa Pegaway wakaokolewa. Magazeti ya Uingereza yaliisifu sana. Siku zisizozidi saba baadaye ilitia nanga Tilbury, karibu na London, ikawachukua Wajerumani na Waaustria wapatao 2,000 waliokaa Uingereza, ikawapeleka nje ya maji ya Waingereza ili wapige kura juu ya kuunganishwa kwa Austria na Ujerumani. Karibu wote walipiga kura ya kukubali, wakarudishwa pwani. Hivyo katika juma moja meli ilifanya kazi ya rehema na kazi ya siasa.

Mwishoni mwa mwezi huo ilianza safari yake rasmi ya kwanza, kuelekea kisiwa cha Madeira. Nahodha wake, Carl Lübbe, akafa ghafula kwa ugonjwa wa moyo akiwa kazini, safari ikiwa bado changa. Baadaye meli iliwapeleka watu Norwei na kuizunguka Italia, na jumla ya safari zake za starehe zikapita 40. Mwezi wa Mei 1939 ilitumwa pamoja na meli nyingine za idara ile mpaka bandari ya Vigo nchini Hispania, kuwarudisha nyumbani askari wa Kijerumani waliokuwa wamepigana upande wa Jenerali Franco. Walioiona ikirudi Hamburg na askari mahali pa watu wa likizo wangeweza kutambua upepo unavuma kutoka wapi.

Mwishoni mwa Agosti 1939 ikaitwa irudi bandarini katikati ya safari. Siku chache baadaye Ujerumani iliivamia Polandi. Safari za furaha zilikuwa zimechukua miezi kumi na saba tu.

KUTOKA NYEUPE KUWA KIJIVU

Mwezi wa Septemba 1939 meli ilifanywa hospitali. Ilibaki nyeupe, ikapigwa mstari wa kijani ubavuni na misalaba myekundu, ili kila manowari ijue kwamba imechukua majeruhi na isiishambulie. Kwa sheria za vita alama hizo ni kinga. Mwezi wa Novemba 1940 kinga hiyo iliondolewa. Meli ikapakwa rangi ya kijivu, ikafungwa kwa minyororo katika bandari ya Gdynia, ambayo Wajerumani waliitwaa kutoka kwa Wapolandi na kuiita Gotenhafen. Hapo ikawa kambi ya vijana waliojifunza kazi ya nyambizi, yaani manowari za kuzama. Kwa miaka minne haikusafiri. Injini zilikaa kimya, na baadhi ya mashua za kuokolea zikaondolewa na kupelekwa kwenye kazi nyingine za bandari.

Katikati ya Januari 1945 majeshi ya Urusi yalivunja ulinzi wa Wajerumani katika Prusia ya Mashariki. Wakuu wa chama cha Hitler katika jimbo hilo walikuwa wamewakataza raia kuhama mapema, wakisema kwamba kuhama ni kukosa imani. Hata amri ilipolegea, barabara zilikuwa zimejaa theluji, reli zimekatwa, na watu wakabaki na njia moja tu, nayo ni bahari. Mkuu wa jeshi la wanamaji, Amiri Dönitz, akaamuru kila chombo kinachoelea kitumike kuwahamisha askari na raia kuelekea magharibi. Katika meli zilizoifanya kazi hiyo ilikuwamo Ubena yetu, ambayo ilizoea joto la Afrika, sasa ikipita katikati ya barafu na wakimbizi sitahani. Hata vita vilipokwisha mwezi wa Mei, zaidi ya watu 1,000,000 walikuwa wamevushwa. Kwa jumla kazi ile ilifaulu, nasi tusilisahau hilo tunapoitazama meli moja iliyopotea.

DAFTARI LAJAA

Huko Gotenhafen makarani walikaa mlangoni mwa Wilhelm Gustloff wakiandika majina ya waliopanda. Mwanzoni kazi ilikwenda kwa utaratibu. Kila mtu alionyesha cheti chake, akaandikwa, akaonyeshwa mahali. Lakini bandarini walikuwa wamesimama maelfu, katika baridi kali ya chini ya kiwango cha kugandisha maji, wengi wao wakiwa wanawake wenye watoto na wazee. Kadiri saa ya kuondoka ilivyokaribia, watu walisukumana, wakaingia bila cheti. Orodha iliyoandikwa ilikuwa na watu 6,050. Waliopanda bila kuandikwa walikuwa ni maelfu zaidi.

Kwa hesabu iliyofanywa miaka mingi baadaye, waliokuwamo walikuwa 10,582. Wakimbizi walikuwa 8,956, na wanamaji 918 wa shule ya nyambizi. Pamoja nao walikuwako wasichana 373 wa utumishi wa jeshi la majini, mabaharia wa meli 173, na askari 162 waliojeruhiwa vibaya. Meli iliyopangwa kwa watu 1,880 ilichukua zaidi ya mara tano ya hesabu yake. Watu walilala korido zote, ngazini, katika ukumbi wa michezo, na katika bwawa la kuogelea lililokaushwa maji, ambamo waliwekwa wasichana wa jeshi.

Iliondoka baada ya saa sita mchana, tarehe 30 Januari 1945. Meli za kuisindikiza hazikutosha, na hata mwisho ilibaki manowari ndogo moja, Löwe, ambayo chombo chake cha kusikilizia nyambizi kilikuwa kimeganda kwa barafu. Juu ya daraja la meli walikuwako wakubwa kadhaa. Nahodha wa meli alikuwa Friedrich Petersen, na mkuu wa wanamaji alikuwa Wilhelm Zahn. Zahn alitaka wapite karibu na pwani, mahali pa maji machache, taa zikiwa zimezimwa, na kwa mwendo wa haraka. Petersen alichagua njia ya maji mengi iliyokwisha kusafishwa mabomu, na hakutaka kuzilazimisha injini zilizokaa miaka minne bila kazi. Jioni ikaja habari kwamba meli za kufagia mabomu zinakuja kutoka mbele. Kwa kuogopa kugongana gizani, taa za pembeni ziliwashwa.

USIKU ULE

Taa hizo ziliiongoza nyambizi ya Kirusi iliyoitwa S-13, chini ya nahodha Alexander Marinesko. Ilikuwa siku ya kukumbuka miaka kumi na miwili tangu Hitler atwae utawala, na hotuba yake ilikuwa imesikiwa kwa vipaza sauti katika meli nzima. Ilikuwa pia siku ambayo Gustloff mwenyewe, kama angalikuwa hai, angalitimiza miaka hamsini.

Yapata saa tatu na robo usiku makombora matatu ya majini yaliipiga meli. La kwanza lilipiga omo, ambako mabaharia wengi wasiokuwa zamuni walikuwa wamelala. Milango ya chuma ya kuzuia maji ikafungwa ili kuiokoa meli, na hao waliojua kazi ya kushusha mashua wakafungiwa humo. La pili liliingia katika bwawa la kuogelea, na katika wale wasichana 373 ni wachache sana waliotoka. La tatu lilipiga mitambo, nguvu za umeme zikakatika.

Mashua hazikuwatosha hata robo yao, tena kamba na vyuma vya kuzishushia vilikuwa vimeshikwa na barafu. Sitaha ile ya vioo, iliyojengwa ili msafiri aitazame bahari bila kupigwa na upepo, ikawa mtego, kwa kuwa vioo vyake vilikuwa vinene na watu waliokuwa ndani hawakuweza kuvivunja. Ngazi zilijaa watu waliokanyagana. Meli ilizama kwa muda wa saa moja hivi. Walioanguka majini hawakuweza kuistahimili baridi ila kwa dakika chache.

Löwe iliokoa watu 472, na manowari nyingine ndogo, T-36, ikaokoa 564. Vyombo vingine viliokota wachache wachache mpaka asubuhi. Kabla ya mapambazuko chombo kimoja cha doria kilikuta mashua iliyojaa maiti, na katikati yao mtoto mchanga aliyefungwa katika blanketi, akiwa hai. Baharia mmoja alimchukua akamlea. Huyo alikuwa wa mwisho kuokolewa. Jumla ya waliopona ilikuwa 1,200 na zaidi kidogo.

HUKUMU

Je, Marinesko alifanya kosa la vita? Wengi wamelijadili swali hilo. Meli ilikuwa na rangi ya kijivu, haikuwa na alama ya hospitali, ilikuwa na mizinga ya kupigia ndege, ilisindikizwa na manowari, na ndani yake walikuwamo wanamaji wa nyambizi. Kwa sheria ilikuwa shabaha ya halali, na hata wanasheria wengi wa Kijerumani wamekiri hivyo. Kwa moyo wa kibinadamu jambo ni jingine, kwa kuwa mtoto aliye mikononi mwa mama yake hakuichagua rangi ya meli. Hao waliowachanganya askari na raia katika chombo kimoja waliujua uhatari wake, ila hawakuona njia nyingine.

Wala haifai kuitazama meli hii peke yake, kana kwamba bahari ile haikuwa na maiti wengine. Usiku wa tarehe 31 Januari 1945, siku moja tu baada ya kuzama kwake, kwenye pwani ya bahari hiyo hiyo mahali paitwapo Palmnicken, walinzi wa Kijerumani waliwasukuma wafungwa Wayahudi, wengi wao wanawake, mpaka kwenye barafu ya ufukoni, wakawapiga risasi. Wanahistoria wengi hutaja idadi ya watu 3,000 hivi. Hawa nao ni makadirio. Serikali iliyoanza kwa kufuta majina ya baadhi ya raia wake katika madaftari ya nchi, iliishia kushindwa kuyaandika hata majina ya wale iliowaita wake.

KARANI ALIYEHESABU

Katika waliookolewa alikuwamo kijana wa miaka 18, Heinz Schön. Kazi yake melini ilikuwa msaidizi wa karani wa fedha, cheo cha chini kabisa katika ofisi ya meli. Vita vilipokwisha alianza kutafuta habari. Aliwaandikia barua walionusurika, akakusanya orodha, vyeti, picha na ushuhuda, akalinganisha neno la huyu na neno la yule. Kwa miaka mingi wakubwa hawakupenda jambo hilo lizungumzwe sana. Huko mashariki Warusi hawakulitaka, na huko Ujerumani wengi waliona haya kuyataja mateso yao wenyewe baada ya mateso waliyowapa wengine. Schön aliendelea. Hesabu ya watu 10,582 waliopanda na 9,343 waliokufa ni matokeo ya kazi yake. Mwaka 2002 mwandishi mashuhuri Günter Grass alipotoa riwaya iliyohusu meli hii, dunia nzima ikaanza kuuliza habari zake, na habari nyingi zilitoka katika makabati ya karani huyo. Alifariki mwaka 2013, na kwa wosia wake majivu yake yaliwekwa chini ya bahari, kwenye mabaki ya meli.

Marinesko, kwa upande wake, hakupewa heshima aliyoitazamia. Alikuwa na ugomvi na wakubwa wake, akaondolewa jeshini mwaka 1945, akafa mwaka 1963. Nishani ya Shujaa wa Urusi ya Kisovieti alipewa mwaka 1990, akiwa kaburini.

Mabaki ya meli yamelala katika maji ya Polandi, kina cha futi 150 hivi. Serikali ya Polandi inayahesabu kuwa kaburi, na watu wamekatazwa kupiga mbizi karibu nayo. Katika ramani za mabaharia wa Kipolandi mahali hapo pameandikwa “Kizuizi Na. 73”.

Msomaji wangu mkulima huenda akasema kwamba mambo haya ni ya mbali, naye hana meli. Lakini daftari analo, la chama cha ushirika au la shule ya watoto wake, naye mwenzangu karani analo la ofisi. Mara nyingi twaliona daftari kuwa ni usumbufu, na mtu anayeuliza jina letu mlangoni twamwona kama mtu wa kutuchelewesha. Kila chombo kina hesabu yake, na hesabu hiyo ni ahadi kwamba kila aliyemo ana mahali pake siku ya heri na siku ya shari. Jina likiandikwa, mtu huyo atatafutwa akikosekana. Maelfu waliopanda Gotenhafen bila kuandikwa iliwabidi wamngoje karani mmoja wa miaka 18 awatafute maisha yake yote, na hata yeye aliweza kuwapatia idadi, lakini majina ya wengi wao hakuyapata.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya minara ya taa, na jinsi mwanga mdogo unavyoweza kuonekana maili ishirini baharini.